Akina Mama, Hiyo Saa Moja ni Yetu

Leo hakuna video. Leo ni maandishi tu, na naanza kwa kukiri kosa langu.

Kama umekuwa hapa tangu mwaka jana, unaikumbuka ile video yangu ya "mama wa saa kumi". Sekunde arobaini hivi. Naamka saa kumi alfajiri, nje bado giza. Nakunywa maji ya uvuguvugu na ndimu. Naruka kamba. Napika uji wa wimbi, napakia chakula cha mchana, navaa, nambusu mtoto, natoka. Chini nikaandika: "Mama, hakuna kisingizio. Ni nidhamu tu." Sijawahi kuweka kitu kikatazamwa na watu wengi hivyo.

Sasa ukweli wake. Hiyo video niliirekodi nikiwa bado kwa likizo ya uzazi, siku chache kabla ya kurudi kazini. Sikuwa naenda popote. Nilifika kwa geti nikarudi kulala. Uji ulipikwa na Anti, dada anayenisaidia nyumbani. Kamba niliruka asubuhi hiyo moja tu, nikaacha kwa sababu kila nikiruka mkojo ulikuwa unanitoka kidogo. (Akina mama wengi tunapata hiyo shida baada ya kujifungua na hatuisemi. Isemeni kliniki. Mara nyingi inasaidika kwa mazoezi ya misuli ya nyonga, na kuruka kamba si hapo pa kuanzia.) Na wakati mimi nachekea kamera, Anti alikuwa jikoni amembeba kijana wangu mgongoni, anamtingisha asilie, asiniharibie sauti.

Ningeendelea hivyo tu kama si siku ya sindano.

Wale mmezaa hapa Kenya mnajua kile kijitabu cha mama na mtoto. Sindano za kwanza baada ya zile za kuzaliwa ni wiki ya 6, halafu ya 10, halafu ya 14. Wiki ya 14 ilinikuta nimerudi kazini, kwa hivyo ikabidi niombe ruhusa wiki yangu ya kwanza tu, na unajua vile hiyo huonekana. Nikakaa kwa benchi ya kliniki hapa Kitengela, foleni ndefu, jua kali. Kando yangu akaketi jirani wa ploti yetu, tunamwita Mama Mapacha. Yeye anashona nguo kwa kiwanda upande ule wa Athi River. Siku hiyo alikuwa amekatwa mshahara wa siku nzima ili watoto wadungwe.

Akaniambia, polepole tu, bila hasira: "Dada, ile video yako niliiona. Niliitazama usiku nikiwa najikamua maziwa kwa sinki. Nikajiona mvivu."

Nikamuuliza huwa anaamka saa ngapi.

"Saa tisa. Ni wawili, dada. Sasa hiyo kamba ningeiruka saa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Ndiyo maana naandika hii.

Hebu tupige hesabu ya siku kwanza, kwa sababu watu wanaouza nidhamu hawapendi hesabu. Wengi wetu tulihamia Kitengela kwa sababu kodi ya Nairobi ilitushinda, ama tulipata kaploti huku. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,117,840 katika Kaunti ya Kajiado, na sehemu kubwa tumejazana kwa hii miji ya pembeni mwa jiji: Kitengela, Rongai, Ngong, Kiserian. Tunalala Kajiado, tunafanya kazi Nairobi. Mimi natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri nikitaka kufika kazini kabla ya saa mbili. Ile barabara ya juu ya kutoka Mlolongo hadi Westlands ilifunguliwa 2022, ndiyo, lakini inalipiwa, na matatu yangu hupita chini na wengine wote. Jioni natoka ofisini saa kumi na moja. Mvua ikinyesha kidogo, Mlolongo inasimama. Nafika nyumbani saa mbili usiku, kijana amelala ama analia kwa usingizi.

Hizo ni saa kumi na tano nje ya nyumba. Zimebaki tisa. Toa kuoga, toa kupika, toa kuosha chupa, toa kunyonyesha usiku mara mbili ama tatu. Mtu akikwambia ukate tena saa moja kwa usingizi ndiyo uruke kamba, huyo hakutakii afya. Na mimi nilikuwa huyo mtu.

Sasa hesabu ya miezi. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 29, inampa mama likizo ya miezi mitatu kwa mshahara kamili. Asante, si haba, mama zetu wengi hawakuipata. Lakini kliniki inatuambia, na Shirika la Afya Duniani linasema hivyo hivyo, mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya kwanza. Bila maji, bila uji, bila chochote. Halafu aendelee kunyonya pamoja na chakula hadi miaka miwili ama zaidi. Sasa, miezi mitatu ni wiki 13. Hata sindano ya wiki ya 14 inakuta likizo imeisha, na hapo ni kama ulianza kuhesabu siku uliyojifungua. Ulianza likizo wiki mbili kabla kwa sababu miguu ilifura? Utarudi kazini mtoto akiwa na wiki 11. Serikali ile ile inasema sita kwa ukuta wa kliniki na tatu kwa kitabu cha sheria. Hiyo mitatu ya katikati ni ya nani? Ni ya mama mwenyewe, ajipange.

Na mama amejipanga kweli. Utafiti wa kitaifa wa afya, ule wa KDHS, ulipata mwaka wa 2008-09 kwamba watoto wa chini ya miezi sita waliokuwa wananyonya maziwa ya mama pekee walikuwa asilimia 32. Mwaka wa 2014 walikuwa asilimia 61. Hiyo ni karibu mara mbili ndani ya miaka michache! Halafu 2022 ikawa asilimia 60. Yaani tulipanda mbio, halafu tukasimama. Sababu za hayo ziko nyingi na si kazi peke yake. Lakini mimi naona hivi: kile mama angeweza kufanya peke yake kwa kuelimishwa na kujikaza, amekifanya. Kilichobaki ni kile hawezi kufanya peke yake.

Nirudi kwa hadithi yangu. Ofisini kwetu, ambayo sitaitaja, hakukuwa na mahali pa kukamua maziwa. Siku ya kwanza, kufika saa nne, matiti yamejaa yanauma kama jiwe. Nikaingia choo. Nikaketi juu ya kifuniko, pampu ya mkono kwa mapaja, mtu anagonga mlango. Maziwa niliyopata nikayamwaga kwa sababu sikujua nitayaweka wapi, na kusema kweli sikutaka mtoto wangu anywe kitu kimetoka choo. Siku ya tatu blauzi ililowa mbele ya mteja. Wiki ya pili maziwa yakaanza kupungua, maana mwili ukiona hayatolewi unaacha kuyatengeneza. Nikanunua kopo la maziwa ya unga nikalificha nyuma ya unga wa ugali kama mwizi. Siwahukumu wanaotumia kopo. Kuna mama hana budi, kuna mtoto mgonjwa, kuna maziwa yamekataa. Mimi nililia kwa sababu sikuchagua. Nilichaguliwa na mlango wa choo.

Baada ya ile siku ya benchi ndiyo nikaanza kusoma. Na nikapata kitu ambacho hakuna mtu alikuwa ameniambia. Si kliniki, si kazini, si hizi kurasa zetu za kina mama ambazo mimi mwenyewe naandika.

Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 71. Inasema waajiri wote waweke mahali pa kunyonyesha ama kukamua maziwa pale kazini. Pawe na pa kunawia mikono, friji ama kitu cha kuhifadhi baridi, soketi ya stima ya pampu, meza ndogo na viti vya kukalia vizuri. Na imeandikwa wazi kwamba pasiwe ndani ya choo. Nilisoma hiyo sentensi mara tatu kwa matatu, karibu nimwonyeshe kondakta.

Kifungu cha 72 kinaongeza: mama anayenyonyesha apewe muda wa kunyonyesha ama kukamua, mbali na muda wa kawaida wa chakula. Muda huo, pamoja na wa kutembea kwenda na kurudi, usizidi saa moja kwa kila saa nane za kazi.

Saa moja. Familia, saa moja! Mimi nilikuwa nawaambia mnyang'anye usingizi wenu saa moja, kumbe kuna saa nyingine imeandikwa kwa jina lenu tangu 2017, na hakuna anayeiulizia. Na majirani zetu wamepewa zaidi. Hii barabara inayopita Kitengela, ukiifuata Isinya, Kajiado, hadi Namanga, ukavuka mpaka, sheria ya kazi ya Tanzania ya 2004 inamruhusu mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku. Kwa hivyo tusiambiwe ni mambo ya Ulaya.

Niliandika barua. Fupi. Naiweka hapa, nakili ubadilishe majina:

"Nimerudi kazini na bado namnyonyesha mtoto wangu. Kwa mujibu wa vifungu vya 71 na 72 vya Sheria ya Afya ya 2017, naomba chumba safi kinachofungwa, chenye soketi, na muda wa dakika thelathini mara mbili kwa siku wa kukamua maziwa. Niko tayari tukae tupange saa zitakazofaa kazi. Asante."

Nilimpa bosi wangu mikono ikitetemeka. Yeye ni mama mtu mzima, ana watoto watatu wakubwa. Nilitegemea aseme "sisi tulivumilia". Alisoma, akanyamaza, akaniuliza: "Na hii ilikuwa wapi wakati wangu?" Nikamwambia wakati wake haikuwepo. Akaitisha ufunguo wa stoo ya faili.

Sitawadanganya ati nilipata chumba kama cha hoteli. Ni stoo. Kiti ni cha plastiki. Friji hakuna, nabeba mkoba wa kuweka vitu baridi na pakiti za barafu. Lakini mlango unafungwa, soketi iko, na hakuna anayegonga. Kijana wangu alimaliza miezi sita kwa maziwa yangu, ukitoa zile siku chache za kopo. Dada mwingine ofisini ana mimba ya miezi saba, ameshauliza ufunguo uko wapi.

Kwa wale mtaanza, haya ni ya kushika. Mwongozo wa CDC ya Marekani unasema maziwa yaliyokamuliwa yanakaa hadi saa nne kwa joto la nyumba lisilozidi nyuzi 25, saa 24 kwa mkoba wa baridi wenye pakiti za barafu, na siku nne ndani ya friji. Hapa kwetu mchana wa Januari nyuzi 25 tunazipita, kwa hivyo usingoje hizo saa nne ziishe. Na stima ikipotea, usifungue friji kila saa kuchungulia. Andika tarehe kwa kila chupa, ya zamani itumike kwanza.

Sasa tuje kwa hiyo "afya" yenyewe, maana najua kuna mtu ameanza kusema nimehepa mada. Sijahepa.

Moja, chakula. Mama anayenyonyesha anahitaji takriban kalori 500 zaidi kwa siku. Zaidi, si pungufu. Halafu sisi ndio tunamwambia mwezi wa tatu apunguze tumbo, aache ugali, anywe chai kavu. Mimi nilijaribu wiki mbili, nikawa nasikia kizunguzungu kwa ngazi. Siku hizi nanunua mayai mawili ya kuchemsha pale steji badala ya mandazi mawili, nabeba njugu na ndizi kwa mkoba, na Jumapili nachemsha ndengu ama maharagwe ya wiki, nagawa, naweka kwa friji. Chai nimeitoa kwa mlo, nakunywa baadaye, kwa sababu chai na chakula kwa wakati mmoja inazuia mwili kuchukua madini ya chuma. Hakuna kitu hapo cha kupiga picha. Kinafanya kazi.

Mbili, mazoezi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani, hata kwa waliojifungua, kama hakuna shida daktari amesema. Kutoka kwangu hadi steji ni dakika ishirini za kutembea kwa haraka. Kwenda na kurudi, siku tano, hizo ni dakika 200. Nimemaliza! Nilikuwa nazitembea muda wote na najiita mvivu. Shida si kwamba mama wa Kitengela hatembei. Shida ni kwamba anatembea saa kumi na moja alfajiri mahali hakuna taa, mvua ikinyesha ni tope la kuvua viatu, kiangazi ni vumbi, na boda inampita karibu imguse. Tukitaka akina mama wa hapa wawe na afya, tuwekewe taa na njia ya miguu kwanza.

Tatu, usingizi na akili. Kama umejifungua na wiki zinapita unaona giza tu, hutaki mtoto, hutaki kuamka, huo si uvivu wala si mapepo. Mwambie muuguzi siku ya sindano. Usingoje.

Sasa sehemu inayoniuma zaidi. Anti.

Kijana wangu humwita Anti, na mimi pia nimezoea. Ana miaka kama yangu. Ana msichana wa miaka minne huko Kitui, analelewa na nyanya yake. Yaani mama mmoja ameacha mtoto wake ili alee wangu, ndiyo mimi niende nikaongee na wateja. Nikiwa njiani saa kumi na tano, yeye yuko na mtoto saa kumi na tano. Nikitafuta saa yangu ya mazoezi jioni, itatoka wapi? Kwake. Ile video ilikuwa hivyo, saa yangu ya afya ilikuwa mgongoni kwake.

Tukakaa sisi watatu, mimi, yeye na Baba Mtoto. Sasa Jumapili nzima ni yake, hata akitaka kulala tu. Baba Mtoto akifika kabla yangu, ambayo ni mara nyingi, anampokea mtoto saa hiyo hiyo, si "ngoja nipumzike kidogo". Na Agosti Anti anaenda Kitui wiki mbili na mshahara wake. Sijafanya jambo la ajabu, likizo ya mwaka yenye malipo iko kwa Sheria ya Ajira, na yeye ni mfanyakazi kama mimi. Baba zetu pia, hizo wiki mbili za likizo ya baba ziko kwa kifungu kile kile cha 29. Chukueni, na msiende nazo kutazama mpira.

Mama mkwe wangu anaishi upande wa Kajiado mjini. Nilipojifungua alikuja na supu na mafuta ya kondoo, vile desturi yao Wamaasai inavyotaka mama aliyejifungua atunzwe. Kwa wiki kadhaa sikuosha hata kikombe. Siku moja nikamwambia sijui wao walikuwa na nguvu gani, kuzaa saba na kuchota maji mbali. Akacheka. "Mama, hatukuwa na nguvu kuwashinda. Tulikuwa wengi kwa boma." Mmoja akienda maji, mwingine ana watoto. Na akanikumbusha kwamba ukame wa juzi ulipoua ng'ombe, wanawake wengi waliokuwa na vichanga walishuka mjini kuuza shanga na maziwa, bila likizo, bila bosi wa kuandikia barua.

Hapo ndipo naona barua yangu haitoshi. Zaidi ya asilimia 80 ya ajira Kenya ni hizi za jua kali na biashara ndogo. Mama mboga wa geti letu alirudi kwa meza yake mtoto akiwa na wiki tatu. Kifungu cha 72 yeye hakimjui. Mama Mapacha naye huacha wake kwa deikea, chumba kimoja cha mabati, watoto kumi na wawili na mama mmoja, shilingi 150 kwa kila mtoto kwa siku. Yule mama si mbaya, anajitahidi. Lakini hakuna aliyewahi kuja kumwuliza kama ana maji.

Na hapa Katiba iko nasi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linataja kazi za kaunti, na pale kwa elimu ya chekechea wameandika pia vituo vya kulelea watoto. Ni kazi ya kaunti, nyeusi kwa nyeupe. Kwa hivyo MCA wako akija kuomba kura na kofia na leso, mwulize: soko letu lina chumba cha watoto? Hizi deikea nani anazikagua, nani anawafunza hao akina mama wanaolea? Hii njia ya steji taa ni lini? Hayo ndiyo maswali ya afya ya mama.

Najua kuna mwenye biashara ndogo anasoma hapa akisema nitamfunga duka. Hapana. Kwa mama mmoja mwenye mtoto mchanga, anza na mlango unaofungwa, kiti, meza, soketi na ndoo yenye mfereji ya kunawa mikono. Friji ya ofisi mnayowekea soda inatosha maziwa pia. Ukimpoteza huyo mfanyakazi, kumfunza mwingine kutakugharimu kuliko kiti.

Na najua pia kuomba si rahisi kwa wote. Mimi nina mkataba wa kudumu. Mama Mapacha mkataba wake unaisha Desemba, na aliniambia wazi: "Nikiandika peke yangu, Desemba sirudi." Siwezi kumwambia "kuwa jasiri" halafu nirudi kwa stoo yangu. Hiyo ingekuwa ile video tena.

Kwa hivyo tumefanya hivi. Kwa laini yao wako wanne wenye watoto wa chini ya mwaka. Jumamosi iliyopita walikuja kwangu na watoto wote, sebule ikawa kama kliniki. Baba Mtoto alikuwa na watoto, Anti alikuwa ameenda kusukwa. Tukaandika barua moja, majina manne, ipitie kwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi kabla ifike kwa meneja. Jumatatu inaenda. Sijui itajibiwaje, na wao pia hawajui. Mama Mapacha aliweka sahihi ya mwisho, akakaa na kalamu mkononi kidogo kabla ya kuandika.

Ile video nimeitoa. Ukiitafuta huipati. Nikipata habari ya barua nitawaambia hapa hapa, ikiwa nzuri ama mbaya. Na wewe kama uko na stoo kazini kwenu, ama hata kona ya pazia, niandikie umeipataje, tusaidiane. Kama bado unakamulia chooni, nakili hiyo barua usiku huu. Halafu lala. Hiyo kamba itangoja.